Picha za Wanyama wa Nyumbani

Watu wengi hudhani ya kuwa mwenye kutaka kupiga picha za wanyama hana budi kwenda Serengeti akawaone simba na tembo. Mimi ni mwalimu, na safari ya namna hiyo yaushinda mfuko wangu. Lakini uani kwetu wako kuku, paka na mbuzi, na simu niliyo nayo ina kamera. Naliona hivyo vyatosha, nikaanza.

Kazi hii nalijifunza taratibu, na wanyama wenyewe ndio walionifundisha. Kuku alinifundisha habari ya mwanga. Saa sita mchana manyoya meupe hung'aa mno, na kivuli huwa cheusi tititi. Bali saa moja ya asubuhi mwanga huja kwa ubavuni, ukaonyesha kila unyoya. Paka alinifundisha kuinama. Mtu akisimama wima hupata picha ya mgongo tu. Akipiga magoti hata macho yake yalingane na macho ya mnyama, hupata uso. Na mbuzi alinifundisha subira, maana humwendei mbio. Waketi, wangoja, naye akisha kukuzoea huendelea na majani yake kana kwamba hupo.

Wala tusidhani ya kuwa jambo hili ni la kitoto. Zamani watu walibishana kama farasi apigaye mbio huinua miguu yote minne pamoja. Mwaka 1878, huko California katika Marekani, Eadweard Muybridge alipanga kamera nyingi kwa safu kando ya njia ya farasi, na picha zake zikakata shauri: huinua yote, tena wakati ikiwa imekunjwa chini ya tumbo, si ilipotandazwa mbele na nyuma kama walivyochora wachoraji. Na huko Uingereza, mwaka 1900, ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walitengeneza ng'ombe wa ngozi mwenye uwazi ndani, mtu akajificha humo na kamera yake ili ndege wasimwogope.

Faida niliyoipata mimi ilitoka karibu zaidi. Baba yangu ni mzee, na tangu alipovunjika nyonga hawezi kufika zizini. Kila jioni alituuliza habari za mbuzi wake, nasi twamjibu, "Hawajambo." Jibu hilo halikumtosha. Basi nikaanza kumletea picha zao, mmoja mmoja, naye akawataja kwa majina. Jioni moja aliitazama picha ya Madoa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, huyu manyoya yake yamesimama, na chini ya taya pana uvimbe. Mwiteni bwana mifugo."

Bwana mifugo akaja, akamfunua kope, akaona nyama ya ndani imekuwa nyeupe badala ya kuwa nyekundu. Ilikuwa minyoo inyonyayo damu. Akawanywesha dawa mbuzi wote, na Madoa akapona. Tangu siku ile baba hasemi tena ya kuwa amebaki mtu wa kulishwa tu. Huketi kitandani akizingoja picha, nasi twachunga kwa macho yake.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na simu yenye kamera, usingoje safari ya mbali. Futa kioo chake kwa kitambaa laini, toka nje asubuhi, uchague mnyama mmoja tu. Mpige picha kila juma kwa muda wa miezi mitatu, uandike na tarehe. Kisha ziweke picha hizo pamoja na kuzilinganisha, nawe utaona mengi ambayo macho ya haraka huyapita. Na kama nyumbani kwako yuko mzee asiyeweza tena kwenda shambani, mwonyeshe yeye kwanza.