Simba, Popi na mkono wa mwanangu

Mama mwenzangu, unawakumbuka Simba na Popi, wale mbwa koko niliowaokota jalalani hapa Same? Juzi, wakigombania mpira na mwanangu, jino la Popi likamkwaruza mkononi. Damu kidogo tu. Popi amechanjwa, lakini mikono ilinitetemeka, mimi ninayechoma watu sindano kila siku!

Nikaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mbio hospitali. Wewe pia usipake majivu, usiseme "tuone kesho". Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Kabla ya hapo chanjo inaokoa.

Mbwa wako naye achanjwe kila mwaka. Leo wote watatu wamelala barazani. Mpira nimeuficha.