Pembetatu Nyekundu

Magari ya haibridi yameingia katika sharika zetu kimyakimya, kama yanavyokwenda yenyewe. Toyota Prius ya kwanza iliuzwa Japani mwezi Desemba 1997, na leo magari ya jinsi hiyo, ya kampuni mbalimbali, yakiisha kutumika huko kwa miaka kadhaa, yanashushwa bandarini Dar es Salaam na kupanda hadi huku kwetu kwenye miteremko ya Meru. Usharika wetu ulinunua moja kwa michango ya miaka miwili. Wapo mama waliotoa mayai, wapo vijana waliofyatua matofali. Sababu ilikuwa moja tu: mitaa yetu imetawanyika, petroli ni ghali, na gari la haibridi linakunywa kidogo.

Kwa ambaye hajalipanda, lina injini ya petroli kama magari mengine, na pamoja nayo lina mota ya umeme na betri kubwa iliyofichwa nyuma, karibu na kiti cha abiria. Ukikanyaga breki, mwendo uliokuwa upotee bure hugeuzwa umeme na kurudi ndani ya betri. Ukiondoka polepole, injini inaweza kuwa imezima na gari likaenda bila sauti. Mzee mmoja wa kanisa alipolipanda mara ya kwanza aliuliza kama tunasukumwa.

Gari hili lilitupa mtihani ambao hatukuupata hata chuoni.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, tukipeleka Chakula cha Bwana kwa bibi mmoja mgonjwa katika mtaa wa juu kabisa. Mwinjilisti wa mtaa huo ndiye aliyekuwa akiendesha. Kwenye mlima, mbele ya macho yetu, ikawaka pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao, na chini yake mstari wa maandishi ya Kijapani. Gari likapungua nguvu, ila halikuzima. Tulisimama kando, tukaupiga picha mstari ule, na programu ya kutafsiri ya kwenye simu ikatupa maneno machache: kagua mfumo wa haibridi. Bibi tulimfikia kwa bodaboda, vyombo vya ushirika vikiwa vimefungwa kwa kanga kifuani. Alipokea, akalala.

Kagua mfumo wa haibridi. Msomaji aone tabia ya ujumbe huo. Unasema kuna tatizo, hausemi ni lipi. Hausemi limeanza lini, wala nani amelileta. Katika kitabu cha Danieli, Mfalme Belshaza aliona vidole vya mkono vikiandika ukutani, akabadilika uso na magoti yake yakagongana, na wenye hekima wote wa Babeli hawakuweza kumwambia maana yake. Mfalme alikuwa na Danieli. Sisi tulikuwa na kijiji kizima cha wafasiri.

Hadi Jumapili tafsiri zilikuwa nyingi. Mmoja alisema aliyetuuzia alitupunja. Mwingine akasema magari ya umeme hayafai kwa vumbi letu, na kwamba alishalisema hilo tangu mwanzo. Kulikuwa na aliyenong'ona kwamba usharika jirani una wivu. Lakini tafsiri iliyoshika mizizi ilikuwa hii: mwezi Machi, wakati wa mvua za masika, mwinjilisti yule alivuka kijito na gari lile maji yakiwa yamejaa. Watu walimwona. Tangu wakati huo, walisema, maji yameingia kwenye betri.

Tulipeleka gari kwa fundi mjini. Alichomeka mashine yake ya kupimia chini ya usukani, ikaleta herufi na tarakimu: P0A80. Mafundi huziita kodi, ambazo si zile za serikali, ingawa nazo huishia mfukoni mwako vilevile. Kodi hiyo, kwa jinsi ilivyoandikwa na waliounda mfumo huo, maana yake ni kwamba betri ya haibridi ibadilishwe. Fundi hakuongeza neno. Bei aliyoitaja ilizidi shilingi milioni mbili na nusu. Kisha, kwa shilingi elfu 40, alibonyeza kitufe akaifuta kodi, taa ikazima, tukarudi nyumbani tukiimba. Baada ya siku mbili pembetatu ilikuwa pale pale. Tukaenda kwa mwingine, naye akafuta. Ikarudi baada ya siku tatu.

Hapa inafaa tukae kidogo, maana Mlutheri hawezi kuliona jambo hili asikumbuke mafundisho yake. Tumefundishwa kutofautisha Sheria na Injili. Sheria ni kioo: inakuonyesha uchafu wa uso, lakini hakuna anayenawa kwa kioo. Ile pembetatu ilikuwa kioo cha namna hiyo, ikisema kweli na isiponye. Sasa, mtu akishachoka kuambiwa ukweli usioponya, kishawishi chake cha kwanza ni kuizima taa. Mwaka 1517 Martin Luther alipoandika hoja zake 95 huko Wittenberg, ugomvi wake ulikuwa na biashara ya namna hii hii: vyeti vya msamaha vilivyouzwa kwa watu wenye hofu. Mtu alilipa, akapewa karatasi, dhamiri ikanyamaza, na maisha yakabaki yalivyokuwa. Ndiyo maana hoja yake ya kwanza kabisa ilihusu toba, kwamba ni jambo la maisha yote ya Mkristo. Tunawaona washarika wanaokuja ofisini wakiwa na taa imewaka ndani yao. Mtu hapati usingizi, hajui kwa nini. Anataka tumwombee haraka ili izime. Tunaomba, naam, lakini tunamwomba naye akae kidogo, afungue, tutazame kuna nini.

Kosa la pili ni kuitii taa kabla ya kuielewa. Kodi imesema badilisha betri, basi na ibadilishwe. Na kama kuna gharama, lazima awepo wa kuilipa. Baraza la wazee lilikaa Jumanne. Hatusemi wazee wetu ni watu wabaya. Ni watu waliochangisha fedha nyumba kwa nyumba, na sasa walipaswa kurudi nyumba zile zile na bakuli. Mtu aliyebanwa hivyo anatafuta jina. Jina lilikuwepo. Mwinjilisti alisimama akasema maneno machache tu: kwamba kijito alikivuka kweli, alikuwa amembeba mama mwenye uchungu wa kujifungua, na maji hayakufika mlangoni. Kisha akasema kwamba ikiwa baraza linaona kosa ni lake, ana ng'ombe mmoja wa maziwa, atamuuza.

Kikao kilinyamaza. Ng'ombe yule ndiye anayesomesha watoto wake wawili. Posho ya mwinjilisti kila mtu anaijua ilivyo. Mzee mmoja akasema, taratibu, kwamba huo ni moyo wa kiungwana na tuupokee. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Katibu akaandika katika muhtasari kwamba hitilafu ya gari imetokana na uzembe wa mwinjilisti wakati wa mvua, na kwamba ameahidi kuchangia.

Sisi wachungaji wawili wa usharika tuliomba wiki moja. Hatukuwa na hoja ya kiufundi. Tulichokuwa nacho ni habari ya Ayubu. Rafiki zake watatu walipofika waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, na hizo ndizo siku zao bora. Walipofungua vinywa ndipo walipoanza kumtafutia kosa, kwa sababu msiba usio na maelezo ulikuwa mzito kwao kuliko kwa Ayubu mwenyewe. Na wanafunzi wa Bwana walipomwona yule aliyezaliwa kipofu, swali lao lilikuwa ni dhambi ya nani, yake au ya wazazi wake. Walikuwa na majibu mawili tu mkononi, na yote mawili yalikuwa na mshitakiwa.

Katika wiki hiyo tuliambiwa habari za fundi mmoja, binti aliyesomea umeme wa magari, anayefanya kazi katika uwanja mdogo nje ya mji. Alitusalimu, shikamooni baba wachungaji, akauliza kwanza gari limebeba nini na nani huketi nyuma. Hakuna aliyekuwa ametuuliza hivyo. Mashine aliitumia, ila hakuishia kwenye kodi. Alitazama namba za ndani, umeme wa kila sehemu ya betri mmoja mmoja. Alitueleza kwamba betri hizi si kitu kimoja. Ni vipande vingi vilivyopangwa kama vitabu kwenye rafu. Katika Prius nyingi za zamani viko 28, kila kimoja volti 7.2, jumla zaidi ya volti 200. Kompyuta ya gari hulinganisha sehemu kwa sehemu. Zikitofautiana kupita kiasi, inawasha taa. Haijui kwa nini zimetofautiana. Inajua tu kwamba hazilingani.

Kisha alivaa glavu za mpira, akang'oa plagi ya usalama, akatazama saa, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Tukamuuliza anasubiri nini. Akasema, "Dakika kumi, baba. Umeme ukikatwa hauondoki wote papo hapo. Mwenye haraka hapa anazikwa." Tukakaa naye. Nyaya nene za rangi ya chungwa zilikuwa mbele yetu, na hakuna aliyezigusa.

Alipofungua, alianza na feni. Betri hizi hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari, kupitia kitundu kando ya kiti cha nyuma, mahali ambapo hakuna anayepatazama. Feni ilikuwa imevaa kitu kama blanketi. Aliling'oa kwa vidole, akaliweka juu ya gazeti, akalichambua. Kulikuwa na vumbi, nyuzi za mazulia, na katikati, tabaka kwa tabaka, manyoya meupe ya mnyama, mafupi na laini. Akatutazama. "Mna mbwa mweupe?" Katika usharika wetu mbwa hulala nje na hakuna aliyewahi kupanda gari. Manyoya yale yalikuwa yamekuja nalo kwa meli.

Betri ilikuwa imekosa hewa kwa miaka, kabla hata jina la usharika halijaandikwa kwenye kadi ya gari. Vipande viwili vya katikati, palipo na joto kuliko pengine pote, vilikuwa vimechoka; alivipima kimoja kimoja kwa mita na balbu, akatuonyesha jinsi mwanga ulivyofifia. Sahani ndogo za shaba zinazoviunganisha zilikuwa na kutu ya kijani. Alizilowesha kwenye siki, akazisugua zikang'aa. Tukamuuliza kuhusu maji ya kijito. Alipitisha tochi chini ya kiti na kwenye sakafu ya boksi la betri. Maji ya mto yakiingia, alisema, huacha mstari wa tope. Hapakuwa na mstari.

Kazi yote, pamoja na vipande viwili vilivyotumika, ilitugharimu chini ya laki nne. Hakutuahidi makubwa. Alisema vipande vilivyobaki navyo ni vizee, vitachoka kwa zamu yake, na taa inaweza kuwaka tena mwakani au mwaka wa pili. Tulimpenda kwa hilo. Ni watumishi wachache wanaoweza kumwambia mgonjwa habari njema bila kuipaka sukari.

Baraza liliitwa tena. Tuliliweka gazeti lenye manyoya mezani, juu ya kitambaa, na kila mzee alilitazama kwa zamu kimyakimya kama anayepita mbele ya jeneza. Mzee aliyesema tuupokee moyo wa kiungwana alikuwa wa kwanza kusimama. Alimwendea mwinjilisti, akamshika mikono yote miwili. Ndipo tukajua kwamba ng'ombe alikuwa ameshapata mnunuzi, na malipo ya kwanza yamepokewa. Mzee akatoa nauli, mwinjilisti arudishe fedha za watu jioni ile ile.

Likabaki suala la muhtasari. Mzee mmoja alipendekeza ile sentensi ya uzembe ifutwe, ukurasa uandikwe upya, ili wajukuu wasije wakaisoma. Lilikuwa pendekezo la upendo, na wengi walilikubali. Katibu alishachukua kalamu ya wino mweupe. Sisi tuliuliza kama si vizuri tumwulize mwenye jina.

Mwinjilisti alifikiri kwa muda mrefu. Alisema taa ile ilifutwa mara mbili na ikarudi mara mbili. Aliomba sentensi ibaki kama ilivyo, na chini yake iandikwe kilichopatikana ndani ya feni, tarehe, na majina ya waliokiona.

Katibu aliandika. Wazee kumi na mmoja wakasaini, nasi wawili. Mwinjilisti alisaini wa mwisho, akachukua ufunguo juu ya meza, kwa sababu kule juu bibi alikuwa anasubiri ushirika wa mwezi huo na giza lilikuwa linaingia.