Ng'ombe Waliouzwa Wamezaa Nini?

Kila mwaka ukaribiapo kwisha, vijana waliohitimu uinjinia katika Chuo Kikuu cha Nairobi huvaa majoho, na wazazi wao huja kuwashangilia. Miongoni mwao wamo wazee wa Kitengela na Kajiado waliouza ng'ombe ili mtoto apate karo. Furaha yao ni ya haki. Lakini Mmasai hamsahau ng'ombe aliyemwuza, na arudipo nyumbani swali humfuata njiani: Je, ng'ombe wale wamezaa nini?

Chuo chenyewe hakikukua kwa siku moja. Kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1956, kikiitwa Chuo cha Ufundi cha Kifalme, na mwaka 1970 ndipo kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kazi za uinjinia nazo zaonekana Kajiado kwenyewe. Mwaka 1993 vinu viwili vya upepo, msaada wa Ubelgiji, vilisimamishwa juu ya vilima vya Ngong. Mwaka 2021 vinu 60 vya Kipeto, vyenye nguvu ya megawati 100, vilianza kuuza umeme. Upepo uliokuwa ukipeperusha shuka za wachungaji bure sasa huwasha taa mijini.

Hata hivyo, kuna kazi nyingine ndogo ambayo kila mwenye joho yafaa aikumbuke. Huko Kitengela, kando ya Mbuga ya Nairobi, mtoto Richard Turere alikabidhiwa ng'ombe wa baba yake, na simba wakawa wakija usiku kuwaua. Aliwasha moto, usifae kitu. Akasimamisha sanamu ya mtu. Simba wakaogopa usiku mmoja tu, kisha wakaizoea. Usiku mwingine, alipokuwa akizunguka na tochi, akaona kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Basi akachukua betri kuukuu ya gari, kifaa cha kumwesha taa cha pikipiki na balbu za tochi zilizoharibika, akazifunga kuzunguka zizi ziwake kwa zamu. Simba wakadhani yuko mtu anayelinda. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 11, na mwaka 2013 alialikwa Marekani kueleza habari hiyo.

Mtoto huyo hakuwa na shahada. Alikuwa na shida iliyo mlangoni pake, na macho ya kuitazama bila kuchoka. Mwenye shahada amepewa zaidi: hesabu, vipimo, na walimu wa kumsahihisha. Kwa hiyo anadaiwa zaidi. Mama atembeaye mbali kutafuta maji wakati wa kiangazi haulizi kijana alipata alama ngapi. Huuliza kama pampu ya kisima itatengenezwa.

Basi na wapigiwe vigelegele, kwani wamestahili. Joho huvuliwa jioni, lakini deni hubaki. Ng'ombe waliouzwa kwa ajili ya elimu watakuwa wamezaa siku ile zizi la jirani litakapolala salama na kisima chake kutoa maji.