Nyaya Zipitazo Juu ya Vijiji

Tulipotoka Lubumbashi kwa njia ya Likasi, nyaya nene za umeme zilifuatana nasi juu ya pori. Chini yake tuliona nyumba za matofali, magunia ya makaa kando ya njia, kisha jua likazama, na giza likatanda.

Msomaji atauliza: mbona wasiteremshe waya mmoja tu? Umeme ule wapita kwa volti zaidi ya 100,000, na taa ya nyumbani yataka 220. Mitambo ya kuupunguza ni ghali, kijiji kidogo hakiiwezi. Migodi yaiweza. Bwawa la Mwadingusha, katika mto Lufira, tangu 1930 lilikusudiwa shaba. Na matengenezo yake yaliyokwisha 2021 yaligharimiwa na mgodi wa Kamoa-Kakula kwa mapatano na SNEL.

Walakini sheria ya 2014 imewaruhusu wengine nao kuzalisha na kuuza umeme. Basi kijiji chaweza kuanza na mtambo mdogo wa jua au wa kijito, mradi nyaya zake zifungwe vema, ili SNEL ifikapo iziunge, isizing'oe.

Tuliposimama kunywa maji, kijana mmoja alituomba tumtilie simu yake moto garini. Akangoja, ameegemea nguzo.