Mti wa Ashoka Katika Bustani za Tulia

Msafiri apitaye nchi ya Kitui mwezi wa Septemba huikuta ardhi imekauka. Mito mingi haina maji ya kuonekana, ila mchanga mtupu, na watu huchimba chini yake ili wapate ya kunywa. Kwa hiyo, akifika Tulia na kuona miti miwili ya kijani kibichi imesimama wima langoni pa nyumba, myembamba kama milingoti, hana budi kujiuliza imeishije hapo.

Miti ya namna hiyo huitwa Ashoka na wauzaji wa miche. Asili yake ni India ya kusini na Sri Lanka, na zamani mashina yake yaliyonyooka yalitumiwa kwa milingoti ya vyombo vya baharini. Huko India uko mti mwingine wenye jina hilohilo, ulio mfupi na wenye maua ya rangi ya machungwa. Basi mnunuzi na autazame mche vizuri kabla ya kulipa.

Ashoka hupendwa kwa sababu matawi yake huinama karibu na shina, hata mwenye kiwanja kidogo aweza kuupanda. Majani yake ni marefu, yenye kingo za mawimbi, na yakiwa machanga huwa na rangi ya shaba. Zamani wengi walipendelea saiprasi, lakini vidukari waharibifu wa mti huo walionekana Malawi mwaka 1986, wakafika Kenya mwaka 1990, wakakausha saiprasi nyingi.

Hata hivyo, wazee wa Ukambani huuliza swali lenye haki: maji yaliyobebwa kutoka mbali yatapewaje mti usiozaa tunda la kuliwa na mtu? Jibu la kweli ni kwamba Ashoka usitangulie. Kwanza upandwe mwembe, nao watoto watakula. Upandwe na mukau, mti wa nchi hiyo uvumiliao ukame, ambao mbao zake ni imara na mchwa hawazipendi. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya ina kituo mjini Kitui, na miche ya mukau ni mojawapo ya kazi zake kubwa. Hayo yakiisha kutimizwa, Ashoka miwili langoni si anasa ya kulaumiwa. Lakini safu ya miti ishirini ni mzigo kwa wachotao maji.

Atakaye kupanda na achimbe shimo mapema, futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, mbali na ukuta kwa futi sita au zaidi. Udongo wa juu uwekwe kando, uchanganywe na samadi iliyooza sawasawa, kisha urudishwe. Mche upandwe mvua za Novemba zikiisha kulowesha ardhi, maana katika Ukambani mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutumainiwa kuliko zile za Machi hadi Mei.

Hatari kubwa huja Januari na Februari, na tena kuanzia Juni hadi Oktoba. Katika mwaka wa kwanza mche upewe nusu debe la maji mara mbili kwa juma, jioni, jua likiisha kupungua. Maji ya kusuuzia vyombo au mboga yatosha, maadamu hayana sabuni nyingi. Kando ya shina lifanywe beseni la udongo ili maji yasikimbie. Majani makavu ya kufunika ardhi yasiguse shina, kwa kuwa huwaita mchwa. Mbuzi nao wazuiwe kwa ua wa miiba.

Kilele kisikatwe, kwani mti uliokatwa kichwa hutoa vichwa vingi na kupoteza unyofu wake. Ukikomaa huzaa vitunda vyeusi, ambavyo popo huvipenda sana. Mbegu zake hazikai. Apendaye kuotesha miche yake na azipande zingali mbichi, katika kivuli, na asichoke kungoja majuma kadhaa.

Mti ukipita miaka miwili au mitatu salama, mizizi yake huwa imekwenda chini, na ndipo debe lake la maji laweza kupewa mche mwingine.