Gari dogo la kunifikisha Ikutha

Wasomaji wangu, samahani kwa ukimya. Najua niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata, nayo itakuja. Majuma haya yote nimekuwa na shughuli moja tu, nayo ni gari. Na kwa kuwa watu watatu ofisini wameshaniuliza swali lile lile, kwamba wanunue gari gani dogo la kwenda nalo nyumbani mashambani, heri niliandike hapa mara moja nisirudie tena na tena.

Kwanza mjue barabara yangu. Naishi Nairobi, mama yuko Ikutha, kusini mwa Kitui. Nashuka na barabara ya Mombasa: Salama, Sultan Hamud, Emali, Makindu, mpaka Kibwezi. Hapo nakata kushoto, navuka mto Athi ambao ndio mpaka wa Makueni na Kitui, kisha niko karibu kufika. Ni kama kilomita 260 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi Jumapili jioni pamoja na malori yote ya Mombasa. Zamani kile kipande cha Kibwezi kwenda Kitui kilikuwa vumbi na mawe matupu. Siku hizi ni lami safi, na lami hiyo ndiyo iliyonidanganya. Nilijiambia kwamba barabara ikishakuwa nzuri, gari lolote litafika.

Nilipoanza kutafuta gari nilifanya kile ambacho mtu wa kompyuta angefanya. Niliandika skripti ndogo ya kukusanya bei kwenye matangazo, nikaimimina kwenye jedwali: mwaka, ukubwa wa injini, kilomita zilizosomeka, bei, mafuta kwa lita. Nikaweka uzito kwa kila safu, nikapanga, na gari la juu kabisa likajitokeza lenyewe. Dogo, jipya kiasi, giaboksi ya CVT, linanusa mafuta badala ya kuyanywa. Nikalilipia laki sita na nusu nikijiona mjanja. Sitalitaja jina, kwa sababu kosa halikuwa la kiwanda. Lilikuwa la jedwali langu, na kidogo la mtu aliyelimiliki kabla yangu.

Sasa sikilizeni lililotokea. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na tulikuwa tumepata siku ya upasuaji Nairobi. Nikaenda Ikutha Jumamosi, Jumapili adhuhuri tukaanza safari ya kurudi: mimi, mama, dada yangu na wanawe wawili, na gunia la ndengu ambalo mama alikataa katakata kuliacha. Tulipovuka Athi na kuanza kupanda kuelekea Kibwezi, jua likiwa utosini, gari likaanza kulia. Nakanyaga, injini inapiga kelele, lakini mwendo hauongezeki. Taa ikawaka kwenye dashibodi. Baada ya kilomita mbili hivi likawa linanguruma pale pale lilipo, haliendi mbele wala nyuma.

Tulikaa chini ya mgunga saa mbili. Fundi aliletwa na pikipiki kutoka Kibwezi. Akafungua, akanusa mafuta ya giaboksi kwenye kidole, akatikisa kichwa. "Bosi, hapa kuna mtu alitia mafuta ya giaboksi ya kawaida. Hii inataka ya kwake peke yake. Na hayo mimi sina, na Makindu hutapata, na Emali hutapata. Piga simu Nairobi."

Kwa wasioijua, CVT haina gia za kuhesabu. Ina mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili ambazo huongezeka na kupungua upana, na mkanda huo unashikwa na msuguano pamoja na aina maalum ya mafuta. Ukitia mafuta yasiyo yake, mkanda unateleza na puli zinakwaruzika. Ukiongeza joto la Kibwezi, watu watano na gunia, basi. Ikitunzwa ni giaboksi nzuri tu. Lakini nitajuaje kama ilitunzwa?

Gari lililotuokoa lilikuwa Probox. Linatoka Mutomo, limebeba abiria na nyanya, na mbuzi wawili nyuma. Dereva hakuuliza mengi. "Mama, panda hapa mbele." Akawafikisha Kibwezi, wakapata basi la usiku ambalo nalo lilichelewa njiani, na siku ya upasuaji ikapita. Tuliyopewa tena ilikuwa baada ya miezi mitatu. Kwa miezi mitatu mama alikuwa akimimina chai huku ametumbukiza kidole kwenye kikombe ajue imefika wapi.

Nililiuza lile gari kwa hasara, kama lilivyo, kwa mtu aliyejua kila kitu kilichoharibika. Nikafuta jedwali. Kilichoniuma ni kwamba kazini nisingefanya ujinga huo. Mteja akiniambia mfumo wake uandikwe kwa lugha ambayo watu watatu tu nchini wanaijua, humwuliza: siku seva itakapokufa usiku wa Krismasi, utampigia nani? Kumbe gari nalo lina swali hilo hilo, na mimi sikuliuliza. Jedwali langu lilipima gari peke yake, kana kwamba linaendeshwa hewani. Halikuwa na safu ya fundi wa Emali.

Kwa hiyo mara ya pili nilianzia upande mwingine. Safari moja nilipanda basi, nikashuka Sultan Hamud, Emali, Makindu na Kibwezi, na kila mahali nikaingia duka la spea nikiuliza vitu vile vile: pampu ya maji, koili ya plagi, bomba la juu la rejeta, beringi ya gurudumu la mbele. Sikutaja gari. Nilisema tu, "Una ya gari gani?" Majibu yalikuwa karibu wimbo mmoja: Probox, Fielder, Vitz, Probox, Premio, Probox. Mwenye duka mmoja aliniuliza kama nina akili timamu, kwa nini nanunua pampu bila kujua gari.

Ukubwa wa injini nao ni jambo la kufikiria kwa makini, maana hapa uhai wa watu uko mezani. Vitz au Passo ya sisi 1000 ni gari zuri sana la Nairobi, na hata Kibwezi itafika. Lakini vilima vya Salama ukiwa umejaza watu, na mbele yako kuna trela mbili zilizofuatana, barabara yenyewe njia moja kwenda na moja kurudi, sisi 1000 inakupa chaguo mbili: uwe na subira ya Ayubu, au ujaribu kupita na ukutane na basi uso kwa uso. Nilishawahi kuwa katikati ya jaribio kama hilo, kwenye gari la rafiki. Sitaki tena. Kwa safari hii naona 1300 ndiyo ya chini, na 1500 ndiyo ya kutulia. Juu ya hapo ushuru wa bidhaa unapanda kutoka asilimia 20 hadi 25 ukiwa unaagiza, na gari lenyewe si dogo tena.

Kuhusu kuagiza kutoka Japani: mkiweza, agizeni. Sheria yetu inataka gari lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, usukani uwe kulia, na likaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Ombeni karatasi ya mnada. Gredi ya 4 au 3.5 ni gari la kawaida lenye mikwaruzo yake. Mkiona R, lilipata ajali likatengenezwa. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba KRA hawatozi kodi kwa bei mliyolipa Japani. Wana orodha yao ya bei za magari mapya, wanakata kulingana na umri, kisha hapo ndipo hesabu inaanza. Mimi nilipiga hesabu hiyo mara tatu na mara tatu ikakataa, kwa hiyo nikabaki na magari yaliyokwisha kutumika hapa nchini.

Na hapa wasomaji wa programu watafurahi. Nilinunua kidude cha ELM327 pale Luthuli Avenue, kile kinachochomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu kwa Bluetooth. Wengi hukitumia kusoma makosa tu. Lakini muuzaji mjanja hufuta makosa asubuhi kabla hujafika, kwa hiyo kusoma "hakuna kosa" si habari. Tuma 0131. Gari litajibu kwa baiti mbili. Zidisha ya kwanza kwa 256, ongeza ya pili, na utapata kilomita zilizokwenda tangu makosa yafutwe mara ya mwisho. Gari moja dogo jekundu, safi kama yai, lilinijibu: 11. Kilomita kumi na moja! Kutoka kwa fundi hadi pale tulipokuwa tumesimama. Nilimshukuru dalali, nikaaga. Magari mengi ya zamani ya Kijapani hayazungumzi vizuri na kidude hiki, kwa hiyo kisiwe ndicho macho yenu pekee.

Tairi nazo someni. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Nimeona tairi zenye meno mazuri kabisa zikiwa na umri wa kwenda shule, na joto la Makindu halina huruma na mpira mzee.

Mwishowe nilinunua Probox ya 2013, injini ya 1NZ, gia otomatiki za kawaida nne. Kidude changu kilisoma mambo machache tu, nikamlipa yule fundi wa Kibwezi nauli na siku yake aje Nairobi aikague. Alilala chini yake dakika arobaini. Akatoka na mambo manne: beringi moja, bushi za mbele, bomba la rejeta, na kiti cha dereva kimechakaa kuliko kilomita zinavyodai. Hilo la mwisho lilinipunguzia elfu arobaini.

Sitawadanganya kwamba ni gari la raha. Japani liliundwa kuwa la mizigo, na springi za nyuma zinakukumbusha hivyo kila tuta. Kelele ipo. Jirani yangu ananiuliza kila Ijumaa kama napeleka miraa. Polisi wananisimamisha wakidhani nabeba abiria wa kulipa, wakichungulia wanaona mama amelala na ndengu zake. Kwa kipimo changu mwenyewe, tangi hadi tangi, linakwenda kilomita 15 hivi kwa lita nikiwa sikimbizani na mtu.

Mama alifanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza, tukashuka naye Ikutha juma lililofuata. Karibu na Makindu pampu ya maji ilianza kuvuja. Niliingia duka lile la mtu aliyenitilia shaka akili. Alinitazama, akalitazama gari, akaingia ndani bila kuuliza na kutoka na pampu mkononi. Dakika hamsini tulikuwa barabarani tena.

Jicho la pili ni mwezi ujao. Nikirudi nitaandika ile sehemu ya pili ya hifadhidata, naahidi.