Kabla ya kulipia pikipiki ya safari, jaribu kuinyanyua

Kwa miaka sita mwalimu mmoja wa fizikia mjini Morogoro alikuwa akienda kwao Ludewa mara moja kwa mwaka, kila Desemba, kwa basi. Basi la kwanza lilimfikisha Njombe, la pili Ludewa mjini. Kutoka hapo alikaa kando ya barabara na begi lake akisubiri lori au bodaboda ya kumfikisha kijijini.

Mwaka jana baba yake mzazi, mzee wa miaka 79, alianguka akitoka shambani na kuvunjika nyonga. Mwalimu alipata simu Jumatatu usiku. Alifika Ijumaa, kwa sababu mvua ilikuwa imekata usafiri baada ya Ludewa. Mzee alipona na sasa anatembea kwa mkongojo, lakini siku zile nne hazikumtoka mwanawe. Gari hana uwezo nalo. Akaanza kutafuta pikipiki.

Si bodaboda. Alitaka zile za miguu mirefu, ambazo watu wa wilayani wamezoea kuwaona nazo mabwana shamba na mapadri: tairi la mbele kubwa na jembamba, shokapu ndefu, tumbo liko juu ya mawe. Lami inakwenda, vumbi inakwenda. Mpya ni ghali, kwa hiyo ingekuwa iliyotumika.

Shida ilikuwa nyumbani. Mke wake ni muuguzi katika wodi ya upasuaji ya wanaume.

“Mume wangu, kila siku nashinda na vijana waliovunjika miguu kwa pikipiki,” alimwambia. “Na wewe unataka nikukute kitandani?”

Wiki mbili suala hilo halikuzungumzwa. Wiki ya tatu mama aliandika masharti manne kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari la binti yao na kuiweka mezani wakati wa chakula. Kwanza, fedha zisiishie kwenye pikipiki. Vifaa vya kumkinga mwendeshaji vihesabiwe ndani ya bei. Pili, ikaguliwe na fundi wao, si wa muuzaji. Tatu, giza likiingia awe ameshapata pa kulala. Nne, aweze kuinyanyua peke yake ikianguka, ikiwa na mzigo.

Sharti la nne lilimchekesha mwalimu.

Ile iliyompendeza

Ya kwanza kuiona ilikuwa Suzuki DR650 ya mgeni aliyekuwa anamaliza mkataba wa kazi na kurudi kwao. Alitaka Sh6.3 milioni. Akiba ya mwalimu, miaka mitano ya kukatwa kwenye mshahara, ilikuwa Sh6.5 milioni.

Ni pikipiki yenye sifa nzuri kwa wasafiri wa mbali. Injini yake ni ya silinda moja, inapozwa kwa hewa na oili, kwa hiyo haina rejeta ya kupasuka porini. Haijabadilika sana tangu mwaka 1996, na fundi anayeijua ya zamani anaijua na ya karibuni. Fundi wao aliikagua saa nzima, akasema, “Mwalimu, hii ni nzima.”

Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi za baraza. Akamwomba mwenye pikipiki, kwa heshima zote, waruhusiwe kuilaza kwenye majani. Mgeni yule hakukataa. Wakafunga nyuma mfuko wa mchele wa kilo 20, wakailaza taratibu upande wa kushoto.

Mwalimu akainama, akashika usukani, akavuta. Haikutoka. Mara ya pili ikapanda kidogo na kurudi chini. Mara ya tatu aliisimamisha, lakini kwa kuvuta kwa mgongo, na kiuno kikamuuma hadi Jumapili. Pikipiki ile ikiwa na mafuta ina zaidi ya kilo 160, bila mchele.

Mama hakusema neno pale. Walipokuwa kwenye daladala, mwalimu ndiye aliyeanza. “Njiani kutakuwa na watu wa kunisaidia.”

“Baada ya Ludewa,” mkewe alimjibu, “saa kumi na moja jioni, mvua inanyesha, nani?”

Akamweleza jambo ambalo hajawahi kumweleza. Wodini kwake wapo walioletwa bila kugongana na mtu yeyote. Walisimama kwenye tope, mguu ukateleza, pikipiki ikawaangukia. Mmoja alilala chini yake hadi alipopita mchunga ng'ombe.

Mwalimu alikumbuka siku aliyokaa kando ya barabara ile saa tatu nzima bila kuona gari. Hakubisha tena.

Ile iliyong'arishwa

Ya pili aliletewa na dalali. Ilikuwa Suzuki Djebel 250 kutoka Japani, rangi inameta, kiti kipya, mita inasoma kilometa 11,000. Dalali alikuwa na haraka, anasema kuna mteja mwingine anatoka Dodoma.

Fundi hakugusa swichi. Aliweka kiganja karibu na injini, akakiondoa. “Hii imeshawashwa leo. Tutakuja kesho asubuhi, msiiwashe.”

Injini iliyochoka huficha mengi ikiwa ya moto. Ikiwa baridi ndipo utaona kama inawaka kwa taabu, kama inagonga, na moshi wa kwanza una rangi gani. Moshi wa bluu ni oili inayoungua ndani ya silinda. Moshi mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi.

Kisha akaonyesha vishikio vya miguu. Mpira wake ulikuwa umelika hadi chuma kinaonekana. “Kilometa elfu kumi na moja haziwezi kula mpira namna hii. Mita inabadilishwa, kaka. Mpira wa miguu hawakumbuki kuubadilisha.”

Asubuhi yake dalali alipiga simu kusema imeuzwa. Inawezekana kweli iliuzwa.

Ile iliyokwaruzwa

Ya tatu ilikuwa Djebel 250 pia, ila kuukuu kwa sura. Mwenyewe alikuwa mpima ardhi aliyestaafu. Tangi limekwaruzwa, kiti kimeshonwa mara mbili. Lakini mzee yule alikuwa na daftari: kila oili aliyobadilisha, tarehe na kilometa, kwa mwandiko wake.

Fundi alianza na namba. Namba ya chesisi na ya injini alizilinganisha na kadi, tarakimu kwa tarakimu, na jina la kwenye kadi na kitambulisho cha muuzaji. Mwalimu akaangalia mtandaoni kama namba ya usajili inadaiwa faini za barabarani, maana deni la aina hiyo huweza kumsumbua mnunuzi.

Injini ilikuwa baridi. Iliwaka mara ya pili, moshi ukakatika. Baada ya hapo fundi aliifuata kutoka mbele kwenda nyuma, na kila alichofanya ni kitu ambacho hata asiye fundi anaweza kujaribu.

Aliinua tairi la mbele juu, akazungusha usukani polepole kwa kidole. Ukikwama katikati kama unaingia kwenye kijishimo, beringi za usukani zimekwisha. Akashika tairi juu na chini akalitikisa. Likicheza, beringi za gurudumu zimelegea. Akapapasa chesisi chini ya tangi na karibu na usukani akitafuta alama za kuchomelewa, kwa sababu chesisi iliyochomelewa huwa na historia ya ajali. Akagonga spoki moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa mlio butu. Akavuta cheni kwa nyuma ya sproketi. Iliinuka hadi meno yakaonekana, na meno yenyewe yamepinda kama ndoana.

Mwisho akasoma tairi ubavuni. Kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa, mbili za wiki na mbili za mwaka. La nyuma lilisomeka 1114, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2014. Lina vijino vizuri, lakini mpira umekauka na kupasuka nyufa ndogo.

Kwa hiyo ilikuwa na ubovu: tairi, cheni, sproketi, na sili za shokapu za mbele zilizokuwa zinavuja. Yote hayo ni ya kununua dukani na kufunga. Hakuna lililokuwa ndani ya injini wala kwenye chesisi. Fundi akapiga hesabu, mzee akashuka hadi Sh4.2 milioni.

Kabla ya kuhesabu fedha, mama akamwangalia mumewe. Wakafunga mfuko ule ule wa mchele.

Safari hii mwalimu alikuwa amejifunza. Muuguzi huwafundisha wenzake namna ya kumwinua mgonjwa bila kuumiza kiuno, na alimfundisha mumewe vilevile. Ageukie upande mwingine, makalio yaegemee kiti cha pikipiki, mkono mmoja usukani, mwingine chini ya kiti, mgongo ubaki wima, kisha asukume kwa miguu akirudi nyuma hatua fupi fupi. Ikiwa imelalia upande wa kulia, atoe stendi kabla ya kuinyanyua, isije ikaangukia upande wa pili. Pikipiki hii ni nyepesi kuliko ile ya kwanza kwa karibu kilo 30. Iliinuka kwa mara moja. Alipokaa juu yake, nyayo zilifika chini.

Ina jambo jingine ambalo hakulitarajia: tangi la lita 17. Ile kubwa ilikuwa na lita 13 tu, na inakunywa zaidi.

Fedha zilizobaki

Hapa ndipo sharti la kwanza lilipoonekana maana yake. Angelipia ile ya Sh6.3 milioni angebaki na laki mbili, na angesafiri na kofia ya kuazima. Sasa alibaki na Sh2.3 milioni.

Laki saba na nusu ziliishia kwenye tairi mbili, cheni, sproketi na sili. Sh950,000 zilikwenda mwilini mwake: kofia ngumu inayofunika uso wote, jaketi lenye kinga za mabega na viwiko, kinga za magoti, glovu, na buti zinazopita kifundo cha mguu. Zilizobaki zilikuwa za kubadilisha umiliki, bima na dharura.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kofia ngumu ikivaliwa ipasavyo hupunguza hatari ya kufa katika ajali zaidi ya mara sita, na hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74. Neno la kushika hapo ni “ipasavyo”. Kofia iwe na alama ya ubora kama ECE, ibane mashavu, isizunguke ukitikisa kichwa, na mkanda ufungwe ukiacha nafasi ya vidole viwili. Pikipiki iliyotumika ununue, kofia iliyotumika hapana. Povu la ndani likishapokea pigo moja kazi yake imekwisha, na kwa nje huwezi kujua.

Kuhusu bima, mwalimu alidhani ile ndogo ya lazima ingemtibu akianguka. Ile humlipa mtu mwingine utakayemuumiza au kumharibia mali. Mwendeshaji haimgusi. Kwa hiyo kadi yake ya bima ya afya inakaa mfukoni, pamoja na karatasi yenye kundi la damu na namba mbili za simu.

Juni

Aliondoka Morogoro alfajiri ya Jumamosi, likizo ya Juni. Njombe mjini ni zaidi ya kilometa 500, na mama alikataa asiende kwa siku moja. Alisimama kila baada ya saa mbili, akanywa maji hata bila kiu, kwa sababu upepo hukausha jasho na mtu hajui kama anaishiwa maji. Mikumi alipita polepole kwa ajili ya wanyama. Kitonga alikaa nyuma ya malori. Usiku alilala Iringa.

Siku ya pili baridi ya Makambako ilimkaza vidole hadi akashindwa kuhisi breki vizuri. Akasimama, akanywa chai, akavaa glovu za pili ndani ya zile za kwanza. Mkono ulioganda hauwahi breki.

Aliwasha simu Ludewa mjini, kisha kimya.

Nyumbani mama alikuwa anakunja nguo za watoto. Ilipofika saa tisa na nusu simu ikaita.

“Nimeanguka,” alisema. “Kwenye kona, kokoto.”

“Umeumia?”

“Goti limegonga chini, kinga imechanika. Mimi mzima.”

“Uko na nani?”

“Peke yangu.”

Mama alinyamaza. Kisha akauliza, “Umeinyanyua?”

“Imesimama.”

Alifika kwa wazazi wake kabla ya jua kuzama. Mzee alitoka na mkongojo wake, akaizunguka pikipiki mara moja, akashika tangi lililokwaruzwa. Akauliza kwa nini mwanawe mwenye kazi ya serikali amenunua iliyochakaa namna hii.

Mwalimu alicheka, akavua kofia, akamwomba mzee akae kwanza.